Kijito cha Kinu

Kila siku baada ya shule, Hawra alipanda lifti hadi ghorofa ya tisa, akavua viatu vya theluji mlangoni, kisha akanywa chai ya maziwa pamoja na bibi yake, Khatijabai. Bibi alizaliwa Tanga. Hawra alizaliwa Toronto, mtaa wa Agincourt. Chai ikiisha, walisoma ukurasa mmoja wa Kiswahili, kamusi ikiwa katikati yao.

Mwezi huo darasa la saba lilikuwa na kazi ngumu. Mwalimu Parveen alimpa kila mwanafunzi ramani ya milima ya Uskoti yenye majina kumi ya vijito na maziwa, yote kwa Kigaeli, lugha ya zamani ya huko. Watafute maana zake, kisha wazieleze mbele ya wazazi. Kazi bora ingetundikwa katika maktaba ya mtaa mwaka mzima. Hawra aliitamani sana nafasi hiyo.

Majina tisa aliyapata katika kamusi ya Kigaeli aliyoazima. Allt Dubh ni Kijito Cheusi. Loch an Eilein ni Ziwa la Kisiwa. La kumi, Allt a' Mhuilinn, lilimshinda. Neno "mhuilinn" halikuwamo. Alitafuta siku tatu. Jioni ya mwisho alichoka, akaandika kwenye chati yake: Kijito cha Upepo.

Bibi alimwomba amsomee kazi yake. Walipofika la kumi, akamuuliza maana hiyo ameitoa wapi. Hawra aliinamisha kichwa, akakiri kwamba ameibuni, na kwamba hakuna atakayejua.

"Wewe unajua," Bibi alisema. "Futa, mwanangu, tutafute tena."

"Halimo katika kamusi, Bibi."

Bibi akamkumbusha kwamba wiki iliyopita alitafuta "meno" kwenye herufi M asione kitu, kumbe maelezo yako kwenye "jino".

"Maneno yetu hubadilika mwanzo," alisema. "Huenda na ya wenzetu ni hivyo hivyo."

Hawra akafungua kurasa za mwanzo za kamusi, ambazo hakuwahi kuzisoma. Humo ilielezwa kwamba neno la Kigaeli mara nyingine huongezewa h baada ya herufi yake ya kwanza, na hata mwisho wake huweza kubadilika. Akaiondoa h, akapitisha kidole kwenye herufi M, mpaka akafika kwenye "muileann": kinu cha kusagia nafaka. Akaufuta ule upepo, akaandika: Kijito cha Kinu. Maji ya kijito kile yalikuwa yakizungusha kinu.

Siku ya maonyesho alikuja mgeni, Bi. MacAskill, mama mzee aliyekulia katika milima ile. Wanafunzi wengi walikuwa wameliacha jina la kumi bila maana. Wengine walikuwa wamebahatisha. Ilipofika zamu ya Hawra, alieleza yote mbele ya ukumbi uliojaa, hata ule upepo alioubuni na kuufuta.

Bi. MacAskill alisimama. "Mama yangu alikuwa akisaga shayiri kwenye kinu kama hicho," alisema. "Umepata, binti." Akaanza kupiga makofi, na ukumbi mzima ukamfuata. Bibi Khatijabai alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Chati ya Hawra ndiyo iliyochaguliwa kwenda maktaba. Mwalimu Parveen aliinyanyua juu ili kila mtu aione.

"Kutojua si aibu," aliwaambia wanafunzi wake. "Lakini anayebuni jibu huacha kutafuta, na anayeacha kutafuta hapati."