Ulevi wa Mjomba Kombo

Mashine ilimpa Bi Siwema shikamoo kwanza, ndipo ikamdunga. Adabu ilikuwa nayo. Jibu ndilo lililokosekana.

Watu wa Tanga waliiita mashine hiyo ya hospitali Msomanasaba. Tone moja la damu liliitosha kusoma herufi zote ambazo mtu amerithi kwa baba na mama, tangu ya unywele hadi ya ukucha, na chai yako ikiwa bado ya moto. Lakini kila Bi Siwema alipokuja, ilisema neno lile lile, kwa sauti ile ile ya mkwe mpya.

"Herufi moja imegeuka, bibi. Wewe unayo, na binti yako Arafa anayo. Maana yake haijulikani."

"Maana yake naijua mimi," alisema Bi Siwema. "Nikishika kikombe, mkono unakwenda Pangani. Nikitembea, barabara inanikataa."

Mashine ilieleza tena bila kuchoka, na hilo ndilo lililomchosha. Huenda herufi ile ilikuwa inakausha ubongo mdogo wa kisogoni, ule unaoshika mizani ya mwili. Huenda pia haikuwa na neno, na bibi anayumba kwa uzee wake tu. Maradhi yenyewe ni adimu, na mashine haijapata kuiona herufi hiyo kwa watu wengine. Angepatikana ndugu wa damu aliyeanza kuyumba ujanani, naye akakutwa nayo, shaka ingekwisha. Sindano ya kuizima ipo, lakini haitolewi kwa shaka, wala haimfai ambaye keshaanza kuyumba. Kwa Bi Siwema muda ulishapita. Kwa Arafa, ambaye bado alivuka mtaro kwa kuruka, ulikuwa unapita.

Je, yuko ndugu wa namna hiyo? Bi Siwema aliapa hayuko. Alikuwepo kaka yake Kombo tu, naye ni mlevi mashuhuri, kutoka Ngamiani hadi Chumbageni. Mlevi hahesabiwi.

Arafa alichoka kusubiri. Akamfuata mjomba wake nyumbani, akamleta akiwa amemshika kiunoni. Bi Siwema alipomwona alifyonya. Alimwambia walau leo angejizuia, hapa ni hospitali. Kombo alicheka tu, akakaa ukingoni mwa kiti badala ya katikati, akaanguka, akainuliwa.

Mashine ikampa shikamoo, ikamdunga. Safari hii ilikawia kidogo.

"Mzee Kombo anayo herufi ile ile. Naomba radhi kwa swali langu. Niliambiwa ni mlevi, lakini damu hii ni ya mtu asiyekunywa, na ini lake ni safi. Anayumba kwa nini?"

Bi Siwema alimtazama kaka yake, akangoja utani. Kombo alikuwa akihangaika na kifungo cha shati, vidole vinalikosa tundu.

"Mama aliniomba," alisema hatimaye, ulimi mzito kama siku zote. "Wachumba wako walikuwa wanakuja, nami nimeanza kupepesuka, kama baba kabla hajafa, wewe ukiwa mchanga. Akasema ulevi ni wa mtu mmoja, maradhi ni ya ukoo mzima. Akanimwagia tembo la mnazi kwenye kanzu, akanilaza barazani wapite wanione."

"Nawe ukakubali."

"Uliolewa, hukuolewa?"

Aliolewa. Na siku ya harusi aliamuru Kombo atolewe nje, asimwaibishe. Sasa amkasirikie nani? Mama yuko kaburini, kaka yuko mbele yake anatabasamu. Akaikasirikia mashine, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Aliiambia ifute ulevi, iandike ugonjwa, na mwanawe apewe sindano kabla yeye hajatafuta kiberiti cha kuichoma. Mashine ilifuta, ikaandika, ikashukuru. Arafa angeanza sindano wiki ile ile.

"Kinachoniudhi," alisema Kombo wakitoka, "ni kwamba ningejua nitaumbuliwa, ningeonja hata kidogo. Nimetukanwa bure."

Nje ya lango kaka na dada walishikana, huyu akilalia kulia, yule akivutwa kushoto. Askari bati wa jiji, roboti aliyewekwa pale kupima mwendo wa wapita njia, aliwasimamisha akauliza nani amelewa.

Kombo alikwisha kuinua mkono, kwa mazoea. Bi Siwema aliushusha.

"Ni mimi," alisema, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. "Huyu kaka yangu hajaonja tangu azaliwe."