Mayai ya Alima na Kompyuta Ndogo

Alima alifuga kuku nyuma ya nyumba yake, Kampemba, nchini Congo. Asubuhi hiyo alikoroga bukari, ugali wa asubuhi, lakini mawazo yake yalikuwa kwenye mashine ya kuangulia mayai. Mara iliyopita joto lilizidi akiwa sokoni. Vifaranga wote walifia ndani ya maganda.

Sasa mayai mengine yalikaribia kupasuka, na siku hiyo alipaswa kumpeleka mwanawe Yuma hospitali.

Djafari, mume wake, alikuwa ameleta kompyuta ndogo ya kupima joto na kutuma ujumbe kwenye simu. Aliweka programu, akaunga waya wa kipima joto, kisha akasafiri kwenda Kilwa. Tangu hapo kompyuta ilikaa kimya.

"Imekufa," Alima alimwambia jirani yake Hortense, fundi wa kompyuta. Hortense akakagua waya.

"Haikufa, Mama Yuma. Waya iko muzuri. Lakini kompyuta haiyaambiwa kama inapashwa kuisikiliza."

Hortense aliandika *sudo raspi-config*, amri ya kufungua mipangilio ya kompyuta. Orodha ikatokea kwenye skrini.

"Angalia pa Interface Options. Apa njo tunafungulia bintu byenye kuungwa na waya. Kipimo yako inatumika na ile yenye kuitwa 1-Wire. Fungula, weye mwenyewe."

"Nikiharibisha?"

"Hautaharibisha. Ukikosea, unarudilia."

Alima alichagua *Yes*. Wakaizima kompyuta na kuiwasha upya. Joto likaonekana: 37.6. Lakini simu haikulia.

"Sasa Wi-Fi," alisema Hortense. "Kwanza unachagula inchi: CD, ni Congo. Bila inchi, Wi-Fi inaweza kubakia yenye kufungwa. Kisha jina ya réseau, na mot de passe."

Alima aliandika jina la mtandao na neno la siri. Ikakataa. Yuma alikuwa mlangoni tayari, na viatu mguuni.

"Mot de passe inaanza na herufi kubwa?" aliuliza Hortense.

"Ee Mungu! Niliandika ndogo."

Akasahihisha. Simu ikalia.

Alima na Yuma walikuwa bado kwenye foleni ya hospitali simu ilipolia tena: joto linapanda! Alima alisimama ghafla, akampigia Hortense.

"Fungula matundu ya mashine, mbio! Ufunguo ya nyumba iko kwa jirani yetu Mama Précieuse!"

Kisha akakaa, macho kwenye simu. 39.1. 38.8. 38.2. Hakumsikia hata muuguzi akimwita Yuma.

Jioni Djafari alipiga simu kutoka Kilwa. Hakusikia vizuri, kwa sababu ya kelele.

"Kunalia nini kule?"

"Vifaranga," alisema Alima.

"Na kompyuta, nani aliitengeneza?"

"Hortense alinionyesha. Ni miye niliitengeneza."