Wageni wa Chumba cha Uani

Ndugu zangu, kisa hiki nitakisimulia kwa sauti ya chini, kwa kuwa wenyewe bado wako hai na bado wanaona haya.

Jumamosi moja, wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, mshonaji mmoja alikuwa ameketi barazani kwake, pini tatu mdomoni, akikunja pindo la sketi. Redio iliimba chini chini. Ukutani zilining'inia sare zilizokwisha pigwa pasi, kola zote zimeelekea upande mmoja. Nje ya ukuta mumewe alikuwa akichomelea geti la mteja. Wazazi waliingia, wakachukua sare zao, wakatoka. Wote walimwita Fundi, na wengi walimsifu.

"Fundi, na kazi zote hizi bado unamtunza mama yako? Mungu atakulipa."

"Mama ni mama," alijibu, na alizitoa kwanza pini mdomoni ili jibu litoke vizuri.

Tusimwonee. Kumtunza alikuwa anamtunza. Baba alipofariki, ni yeye aliyekwenda kumchukua mama yake, na ndugu zake wengine wakabaki kupiga simu. Alimpa chumba cha uani, kilichokuwa cha mpangaji, chenye choo ndani na dirisha moja. Mara tatu kwa siku alimpelekea chakula.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Nyuma ya mlango wa kile chumba palikuwa na kigoda. Mshonaji alisukuma mlango kidogo, akapitisha mkono, akaweka sahani juu ya kigoda, akasema, "Mama, chakula," akarudi kwenye mashine. Baada ya saa moja alipitisha mkono tena, akatoa sahani. Sahani ilirudi tupu kila mara. Ilirudi safi kabisa, haina hata punje. Naye aliiosha kwa moyo mweupe, akijiambia kwamba mama anakula vizuri kuliko hata vijana.

Utauliza, kwa nini asiingie? Alianza na gunia moja la vipande vya vitambaa, vile vinavyobaki mtu akishakata nguo. Barazani palikuwa pamejaa, akaliweka kwa mama, la muda tu. Gunia likaita jingine. Yakafika tisa, yakajipanga nyuma ya mlango hadi mlango ukawa unafunguka nusu. Mama, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu wa uzee, alijikwaa kwenye magunia hayo siku moja, akaumia goti, na tangu hapo akaacha kutoka kuota jua. "Apumzike," alisema mshonaji. Ilikuwa miezi miwili sasa.

"Mama umemwona leo?" mumewe humuuliza.

"Nimempelekea chakula."

Mume huridhika. Hakuna aliyegundua kwamba swali lilikuwa moja na jibu lilikuwa la swali jingine.

Wiki tatu kabla ya Jumamosi hiyo, mama alisema kutoka gizani, "Mwanangu, humu ndani nina wageni."

Mshonaji alikuwa na suruali kumi na mbili za kumaliza. "Haya mama, mgeni njoo mwenyeji apone!" alimjibu, akacheka. Kisha akaenda kuwasimulia wateja. "Mama yangu siku hizi ana wageni wake huko chumbani. Uzee jamani, tuuombee." Wateja walicheka. Naye alicheka, akakanyaga mashine.

Tunaendelea na Jumamosi yetu. Karibu saa tano asubuhi aliingia jirani wa nyumba ya pili, mfugaji wa kuku wa mayai, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo. Mkononi alikuwa na fimbo.

"Fundi, hodi. Mayai yangu yanaishia kwako."

Wazazi watano waliokuwa barazani waligeuka. Mshonaji aliinuka. "Unasemaje? Mimi niibe mayai?"

"Sijasema wewe. Nimesema kwako."

"Na kwangu yupo nani zaidi yangu, mume wangu na mama yangu mzee? Au mama yangu ndiye anayeruka ukuta?"

"Dada, punguza moto. Mwezi mzima natafuta mwizi. Leo nimejificha nyuma ya banda, nikamwona. Nguchiro! Mkia ule, na yai mdomoni. Nimemfuata kwa macho mpaka ukutani kwako. Kaingia kwenye tundu la bomba la chumba cha uani. Na hakuwa peke yake."

"Chumba hicho analala mama yangu."

"Ndiyo maana nimekuja mbio. Wanang'ata wale."

Mshonaji alitaka kusema kwamba hilo haliwezekani, kwamba yeye huenda pale mara tatu kwa siku. Kisha akakumbuka kuwa ni mkono wake tu uliokuwa ukienda.

Walikwenda uani, wazazi nao nyuma, maana mguu wa mtu mwenye hamu ya kuona hauna breki. Mshonaji alisukuma mlango, ukafunguka nusu, ukagota. Aliona haya, akasema, "Kuna vitu kidogo nyuma ya mlango." Akasukuma tena. Mumewe aliitwa, akaja na miwani yake ya kuchomelea kichwani, akaweka bega. Gunia la juu lilianguka na kupasuka.

Walitoka kama maji ya bomba lililokatika. Nguchiro saba, wanane, warefu na wafupi, wakipita kati ya miguu ya watu huku wakilia kwa sauti nyembamba. Baba mmoja mnene alipanda juu ya karo la kufulia akiwa amekumbatia sare za mwanawe. Mfugaji wa kuku alipiga fimbo mara nne na zote nne akapiga sakafu. Kama ingeishia hapo, ndugu zangu, ningewaambia mcheke.

Lakini vumbi lilipotulia, waliona ndani.

Magunia yalikuwa yametobolewa, na vipande vya buluu na vya khaki vimetandikwa chini kwa duara, vimeshindiliwa vizuri, na juu yake maganda ya mayai. Harufu iliwafanya watu washike pua. Ukingoni mwa kitanda aliketi mama. Khanga ilikuwa imemzunguka mara mbili na bado imelegea. Mikono yake ilikuwa myembamba, viwiko vimechongoka. Kando ya mguu wake, sakafuni, ilikuwa sahani ya asubuhi, tupu, safi kabisa. Na kitoto kimoja cha nguchiro, kilichoshindwa kukimbia na wenzake, kilikuwa kimejibanza kwenye kisigino chake.

"Nani amewafukuza?" mama aliuliza.

Kati ya wateja alikuwapo muuguzi mmoja aliyestaafu. Alipita juu ya magunia, akakisukuma kile kitoto kwa kiatu, akaushika mkono wa mama, akaugeuza. Akainama akautazama mguu. Palikuwa na alama za meno, moja mbichi, nyingine imeanza kukauka.

"Huyu mama hali chakula."

"Anakula!" mshonaji alipaza sauti. "Muulizeni mume wangu! Kila siku sahani inarudi tupu! Haibaki hata punje!"

Muuguzi alimtazama. Akaitazama ile sahani sakafuni, na watu wote mlangoni wakaitazama.

Mama ndiye aliyesema, tena kwa sauti ya kumtetea mwanawe. "Msimgombeze. Chakula analeta. Ni mimi ndiye nilikuwa nawapa. Nilianza na tonge moja. Kula peke yangu hakupiti, mnajua, chakula kinasimama hapa." Akagusa koo.

"Bibi, macho yalikudanganya? Ulidhani ni wajukuu?" mfugaji wa kuku aliuliza, safari hii kwa upole.

"Macho yangu mabovu, mama, lakini miguu minne naijua kwa kuisikia. Nilijua ni wanyama. Lakini walikuwa wanaingia."

Mshonaji alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi haikupasuka. Alibaki amesimama kwenye ardhi ileile, mbele ya watu walewale waliomsifu asubuhi, na aliona kwamba hawakumtazama tena. Walitazama chini, na hilo lilimuuma kuliko matusi.

Muuguzi alisema nguchiro huweza kuwa na kichaa kama mbwa, na kwamba ugonjwa huo ukishaanza kujionyesha hauna dawa. Walikodi gari papo hapo. Mama alibebwa na mkwewe, na alipombeba, mkwe alisema kwa mshangao, "Mbona mwepesi hivi?" Kisha akajuta kusema.

Hospitali, daktari kijana alishika kalamu.

"Wewe ni nani wake?"

"Mwanawe. Naishi naye."

"Kidonda hiki cha kwanza ni cha lini?"

Mshonaji aliinama akakitazama kidonda kana kwamba tarehe imeandikwa hapo.

"Alianza kupungua lini?"

"Sijui, daktari."

"Kinyesi chake kikoje? Usingizi? Maumivu?"

"Sijui."

"Lakini umesema unaishi naye."

Kalamu ilisubiri juu ya karatasi. Mshonaji alijua vipimo vya kiuno vya watoto mia mbili wa mtaa ule kwa kichwa, na kuhusu mama yake hakuwa na jibu hata moja.

"Daktari, mwache," mama alisema kitandani. "Shule zinafunguliwa. Ana kazi nyingi."

Hapo ndipo mshonaji alipolia. Alilia akiwa amejifunika uso kwa mfuko wa plastiki wenye nguo za mama, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kujifunika.

Mama alichomwa sindano za kuzuia kichaa, akawekewa maji, akalala wodini siku tisa. Ilikuwa bado kidogo tumpoteze, si kwa kichaa, bali kwa njaa, katika nyumba yenye chakula. Mungu alituachia. Alirudi, na safari hii kitanda chake kiliwekwa chumba cha mbele, mlango wa kuelekea barazani. Mshonaji hula naye, tonge kwa tonge, hata kama wateja wamejaa. Siku za mwanzo mama hakujua la kusema naye. Walikula kimya kama watu waliokutana stendi. Mazungumzo yalirudi polepole sana.

Na mtaa haukusahau, mtaa husahau lini? Watoto walimpa mshonaji jina jipya: Mama Nguchiro. Mumewe alitaka kumtafuta mzazi wa aliyeanzisha. Mshonaji alimzuia.

Juzi alikuja mteja mgeni, ameshika kitambaa, akauliza getini, "Samahani, nimeelekezwa kwa Mama Nguchiro. Ni hapa?"

Mama, kutoka kitandani kwake, alikunja uso na kuanza kusema, "Hapa hakuna mtu wa jina..."

"Ni hapa," mshonaji alisema. Masikio yalimwaka moto, lakini aliinuka. "Ni mimi. Karibu, ila ningojee kidogo. Nakula na mama."

FUNZO

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi huisema methali hiyo tunapozungumzia nyumba za watu wengine. Leo tuiseme kwa nyumba zetu.

Kumlisha mzazi si kumtunza. Mfungwa pia hulishwa. Aliye mzee hahitaji mkono unaopita mlangoni, anahitaji uso. Ingia, keti, mshike mkono uone kama umepungua, muulize amelalaje, na akikuambia jambo la ajabu usikimbilie kusema ni uzee. Lichunguze kwanza, kisha ucheke kama bado litachekesha. Na sisi majirani tuache kumsifu mtu kwa tunayoyasikia barazani. Tumwombe atupeleke tukamsalimie mzazi wake.

Ukimaliza kusoma, usimpigie mzazi wako simu. Kama yuko chumba cha pili, nenda.