Siku Isaro Aliyokosa Kupima Theluji

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Isaro alitoka nyuma ya nyumba yao huko Riverside, mjini Buffalo, akasimamisha rula juu ya ubao mweupe na kupima theluji iliyoanguka tangu jana. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na mwalimu alitaka vipimo vya siku thelathini. Daftari ambalo lingempendeza Bibi Larisa, aliyeombwa na mwalimu kuchagua, ndilo lingeenda kwenye maonyesho ya sayansi. Isaro aliyataka maonyesho hayo mpaka akayaota.

Bibi Larisa, jirani yao Mrusi, alikuwa amepima baridi na theluji ya Siberia kwa miaka thelathini na mitano, tangu enzi ambazo wachache tu walijali kama dunia inapata joto.

Siku ya ishirini na saba, Jumamosi, Isaro alikuta ubao unang'aa, mkavu! Mama yake, Nyirarukundo, alikuwa kando na ufagio mkononi, jasho likimtoka katika baridi ile.

"Mama! Theluji yangu iko wapi?"

"Theluji yako? Bon, baba zako wadogo wanatoka Louisville na Columbus kupokea posa ya dada yako, halafu wakute kiwanja hakijafagiwa? Kwetu milimani wangenisema mpaka Pasaka!"

Isaro nusura alie. Mchana, baba mdogo Ruberwa alipofika kutoka Columbus, alimcheka.

"Andika sentimita kumi, mwanangu. Nani atajua?"

Isaro akaandika kumi. Watu walikula, wakaimba, wakacheza, lakini yeye hakuwa na raha.

Jumanne alimpelekea Bibi Larisa daftari.

"Safi sana! Hukukosa hata siku moja?" Bibi alishangaa. "Mimi nilikosa nne. Dhoruba ilifunga mlango wa kituo chetu cha hali ya hewa. Mkuu wangu akaniamuru nibuni vipimo, nikakataa, akanihamishia kituo cha mbali kabisa, mimi na mbwa tu. Lo, nililia! Miaka ishirini baadaye, wataalamu walipochunguza kama majira ya baridi yanafupika, walianza na vitabu vyangu. Waliona zile nafasi tupu, wakaamini yaliyobaki."

Machozi yakamlenga Isaro. "Bibi, hii kumi ya Jumamosi nimeibuni. Mama alifagia theluji."

"Alifagia?"

"Wageni walikuwa wanakuja."

Bibi Larisa alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akampa kalamu. Isaro akaikata ile kumi, akaandika: *Haikupimwa. Mama alifagia kiwanja.*

"Basi siendi tena kwenye maonyesho," alisema kwa unyonge.

"Nani kasema? Kipimo kimoja cha uongo kingewafanya watu wavitilie shaka vyote ishirini na tisa ulivyovihangaikia. Kutojua si aibu, mwanangu. Aibu ni kujifanya unajua. Kesho nitalipeleka daftari hili kwa mwalimu wako mimi mwenyewe, na nitamwonyesha ukurasa huu kwanza."