Pinki Iliyokataa Kufutika

Jumatatu tarehe kumi na moja, saa nne asubuhi, mapipa yetu sita ya mafuta ya alizeti yalirudishwa. Yana asidi, alisema mwenye kiwanda cha mikate. "Mkirudia, nanunua kwingine."

Kinu hiki cha kukamua alizeti aliniachia marehemu mke wangu. Ndicho kinachotulisha, mimi na binti yangu.

"Baba, hukuyaonja?"

"Niliyaonja yote. Ulimi wangu haujawahi kunidanganya."

"Ulimi huo wenye tumbaku?"

Jirani, rafiki wa marehemu, alicheka dirishani. Yeye hupima mafuta katika kiwanda cha sabuni. "Shemeji, ulimi unajua chumvi. Asidi kidogo hauioni!"

Jioni akaja na vyombo. Akapima gramu kumi za mafuta. Akachanganya na spiriti na matone ya dawa ya rangi. Juu yake akasimamisha bomba jembamba la kioo, lenye mistari na koki. Ndani mlikuwa na maji ya kostiki, magadi makali ya kutengenezea sabuni.

"Vaeni glavu, kostiki inababua. Dondosha tone tone, ukitikisa. Pinki ikitokea ikakaa nusu dakika, funga koki, soma mstari. Kostiki ikienda nyingi, asidi ni nyingi. Mwenye mikate anataka isizidi mililita saba."

Pipa la kwanza: kumi na moja. La pili: kumi na mbili. Mafuta ya leo, bado kwenye ndoo: tatu.

"Shemeji, mnafanya nini kati ya ndoo na pipa?"

Binti akanitazama. Nikakiri kwamba kila pipa jipya huwa naanza kulimiminia mashapo ya pipa la zamani, yasipotee.

"Loo! Mashapo yana maji, na maji yanavunja mafuta. Asidi unaitia mwenyewe!"

Kumbe! Tukasugua mapipa, tukayakausha kabisa. Mashapo tukayapeleka kwenye kiwanda cha sabuni. Binti akapima kila pipa jipya. Yote mililita tatu! Pinki ilikataa kufutika, naye akapiga kigelegele.

Alhamisi mwenye mikate alipima mbele yetu. Tatu. Akarudia. Tatu.

"Leteni mapipa kumi kila wiki!"

Mkaguzi wa serikali alikuwepo. Miaka sita anatugongea muhuri na kuondoka bila kupima. "Vyombo hivi hata sisi tunavyo stoo," akajisifu, "vipya, kwenye maboksi."

Binti akamgeukia. "Sasa mzee, hayo maboksi mnasubiri nani ayafungue?"