Vinywa Vyekundu kwenye Chumba cha Kusubiri

Kila siku akitoka shule, Salwa alipitia kwanza kliniki ya meno ya mama yake mdogo, Daktari Sikudhani, pale Area D. Alivua viatu mlangoni, akafagia chumba cha kusubiri na kufuta vumbi kwenye viti. Vumbi la Dodoma halina adabu. Ukilifuta saa nane, saa tisa limesharudi kukusalimia. Baada ya hapo aliketi kwenye kona, akafanya kazi za shule mpaka jioni.

Kliniki ilikuwa mpya na vifaa vyake vilikuwa vizuri, ila wagonjwa hawakukaa. Walifika, wakasikia mashine ya kuchimba jino ikilia ndani, wakaanza kutapatapa. Wengine waliaga kwamba wanatoka mara moja kununua vocha. Sijui vocha hizo ziliuzwa Kondoa, maana hawakurudi.

Ndipo Daktari Sikudhani akampa Salwa kazi. Alijua msichana huyo ana mkono wa kupamba. Ukuta wa nyuma wa darasa la sita ulikuwa umejaa michoro yake. Akamwomba akifanye chumba kile kiwe mahali ambapo mtu mwenye hofu atatulia. Akampa rangi, kitambaa na spika ndogo. Sharti lilikuwa moja: kitu chenye sukari kisiingie humo.

Salwa alifanya kazi kwelikweli. Ukuta aliupaka kijani kilichopoa, akachora mizabibu yenye vichala. Mbele ya mlango wa chumba cha matibabu akaning'iniza pazia zito la bluu, ili mtu asione kiti wala vyuma. Spika akaiweka juu ya kabati na kufungulia muziki kwa sauti ya kuimeza ile mashine. Mama mdogo alitazama, akamsifu sana.

Lakini watoto bado walilia. Hapo Salwa akaamua kwamba lile sharti ni la watu wazima tu. Jumamosi asubuhi alinunua vipakiti vya ubuyu, ule wa sukari wenye rangi nyekundu iliyokolea, akavificha kwenye kikapu chini ya kiti chake. Mtoto aliyeanza kununa alipewa kimoja, kisha akasukutua na kujifuta mdomo kwa karatasi kabla ya kuitwa ndani. Watoto wakanyamaza kabisa, kwani kumumunya ubuyu huku unalia si kazi nyepesi.

Siku hiyo Salwa alikuwa akimsubiri Denis, rafiki yake aliyekaa naye dawati moja. Jino la chini la Denis lilikuwa limeoza, na shavu lake lilikuwa limevimba kana kwamba amebana ndimu mdomoni. Kwa muda mrefu alikataa kwenda kwa daktari kwa kuogopa damu. Salwa ndiye aliyembembeleza.

"Kwa mama mdogo hutaona hata tone," alimwapia. Denis akakubali, kwa sababu Salwa hakuwa na kawaida ya kumdanganya.

Alikuja peke yake, maana mama yake alikuwa sokoni kwenye genge lake la mboga. Aliposukuma mlango, Salwa aliinua uso kumkaribisha, akaona macho ya rafiki yake yakimtoka pima. Kwenye benchi walikaa watoto watatu, wametulia tuli, midomo na meno yao mekundu. Mdogo wao aliinama akatema kokwa kwenye ndoo, na mate mekundu yakamchuruzika kidevuni. Ndoo ilikuwa imejaa karatasi zenye madoa mekundu. Nyuma ya pazia mtu aligumia, kisha muziki ukamfunika.

Denis alirudi kinyumenyume hadi kizingitini, akageuka, akatimua mbio. Salwa alipotoka kumwita, alikuwa amekwishakata kona.

Mchana Daktari Sikudhani aliuliza kama Denis amefika. Salwa alijua vizuri Denis ameona nini, na alijua kwamba neno moja tu lingetosha kuyaweka mambo sawa. Lakini neno hilo lingefichua kikapu. Akasema Denis ametuma salamu, jino limepoa. Uongo ulimtoka kwa urahisi mno, hata yeye mwenyewe akashtuka.

Jumatatu darasa zima lilikuwa linavuma. Denis hakuwepo, ila Joshua, jirani yake, alikuwa ameibeba habari yote. Alisema kwenye ile kliniki watoto wanakatwa fizi na kupangwa kwenye benchi wakivuja damu, na muziki hufunguliwa ili vilio visisikike. Denis ameona kwa macho yake. Salwa alitaka kusema, lakini akakikumbuka kikapu, akainamia daftari lake. Habari ikafika majumbani, na kliniki ikabaki na viti vitupu.

Wiki ikafika katikati bila Denis kuonekana shuleni. Mwalimu akamwomba Salwa akamjulie hali. Jioni hiyo alikwenda kwao Makole, akamwamkia mama yake, Mama Denis, naye akamwongoza ndani bila maneno mengi.

Salwa alisimama mlangoni, akadhani ameonyeshwa mtu mwingine. Uvimbe ulikuwa umevuka taya na kushuka shingoni, na ngozi ilikuwa imevutika mpaka inang'aa. Kinywa kilifunguka kwa nafasi ya kupitisha mrija tu. Mate yalimtoka pembeni kwa sababu kumeza kulimuuma.

Mama Denis alieleza kwamba anamsukutua kwa maji ya chumvi na kumwekea karafuu. Kila alipotaja daktari, mtoto aliapa kutoroka.

"Na mimi ningemlazimisha vipi, mwanangu, kwa hayo aliyoyaona?" alisema.

Salwa hakuaga. Alikimbia mpaka kliniki, akamkuta mama yake mdogo amekaa peke yake, akayasema yote kwa pumzi moja. "Nilikudanganya, mama mdogo. Denis alikuja. Aliwakuta watoto wamekula ubuyu niliowapa, akadhani ni damu. Sasa amevimba sana."

Alingoja kugombezwa. Daktari Sikudhani aliuliza tu, "Uvimbe umefika wapi?"

Salwa akagusa shingo yake mwenyewe.

"Anameza?"

"Kwa shida."

Uso wa Daktari Sikudhani ukabadilika. Alinyakua mkoba wake, akatoka mbio kutafuta bajaji, na Salwa, ambaye hakuwahi kumwona akikimbia, alinyakua kikapu akamfuata.

Denis alipoliona koti jeupe alijibanza ukutani. Mama yake naye akasimama mbele yake kumkinga. Salwa akapiga magoti sakafuni, akafungua kipakiti, akatia ubuyu kinywani, akaumumunya, kisha akatema kokwa kwenye kiganja. Mate mekundu yakatapakaa vidoleni.

"Tazama, Denis. Ulichokiona ndicho hiki. Niliuleta mimi, na nilijua umedhani nini, nikanyamaza."

Denis alitazama kiganja, kisha uso wa Salwa. Mama Denis akaushika mkono ule, akaunusa. Akakaa chini taratibu.

"Yaani mwanangu anataka kufa kwa ajili ya ubuyu?" akauliza.

Denis hakuweza kusema. Alinyoosha mkono ili ainuliwe.

Daktari Sikudhani hakumpeleka kliniki. Alisema usaha umeshuka shingoni na ukiachwa utaziba njia ya hewa, kwa hiyo anahitaji hospitali kubwa, leo hii. Ndani ya bajaji alimweleza Denis kila kitakachofanywa, kuanzia dripu na sindano ya ganzi mpaka mkato mdogo wa kutoa usaha. Hakumficha kwamba sindano itauma wala kwamba damu itaonekana. Denis alisikiliza mpaka mwisho, akaegemea kiti.

Alilazwa. Usaha ulitolewa, jino likang'olewa, uvimbe ukaanza kushuka. Salwa alisimama mbele ya darasa akasema ukweli wote. Baadhi walimcheka, na Joshua alimwita Bibi Ubuyu mpaka mwalimu alipomkataza.

Denis aliporudi shule hakukaa dawati la Salwa. Ilipita muda kabla ya kumsemesha.

"Uliniambia sitaona hata tone la damu," alisema. "Hospitalini niliiona damu, tena nyingi. Lakini mama yako mdogo alikuwa ameniambia mapema. Sikuogopa kama siku ile."

Maneno hayo Salwa aliyafikisha kwa mama mdogo, naye akamwalika Denis na mama yake waje kukaa katika kile chumba na kusema wazi kilichotisha. Denis hakuhitaji kufikiri, akaonyesha pazia.

"Nilijiuliza mnaficha nini huko," alisema. Kisha akaonyesha spika.

Salwa aliumia, kwa kuwa pazia ndilo alilojivunia kuliko vyote. Hata hivyo alipanda kiti akalishusha mwenyewe. Wakapunguza sauti ya muziki. Wakaweka meza fupi yenye kioo kidogo cha daktari ili watoto wakishike na kukitazamia. Na mgonjwa aliyekubali, mlango wake uliachwa wazi, wengine wamwone ameketi salama.

Watu walirudi polepole. Siku moja Denis alikuja kuangaliwa kidonda, na msichana mdogo aliyekaa kando yake akamuuliza kama inauma.

"Sindano inauma kama siafu," Denis alimwambia. "Halafu huhisi kitu. Ukitaka daktari asimame, inua mkono, atasimama."

Msichana alifikiri kidogo, akashuka kwenye kiti, akaingia mwenyewe.

Alipotoka, akiwa ameshikilia shavu lakini halii, Daktari Sikudhani alikuja kukaa karibu na Salwa. "Michoro yako ni mizuri, mwanangu, na itabaki," alisema. "Ila mwenye hofu hatulizwi kwa kufichwa. Ukimficha, hofu yake itamchorea mambo mabaya kuliko ukweli. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Ulidhani unaficha ubuyu, kumbe ulikuwa unamziba mwenzako pumzi."

Salwa aliinamisha kichwa. Kisha akainuka, akaenda kumkaribisha mgonjwa aliyefuata.