Jicho Liliuma, Ugonjwa Ulikuwa Tumboni

"Danford! Fungua mlango!"

Nikagonga tena.

Kufuli likabanwa kwa nje. Kisha nikasikia mume wangu, yule wa ndoa ya kanisani, akimwambia mama yake:

"Huyo ana ngoma. Hatoki mpaka Bwana amchukue."

Jamani! Nimepima UKIMWI mara tatu, sina!

Mimi ni Enesi. Hapo ni Tunduma, mwaka 2012. Nilifungiwa stoo ya mahindi, dirisha dogo, ndoo ya haja kwenye kona. Jicho la kulia jekundu, mwanga ukiligusa napiga kelele. Magoti yamevimba. Miguuni mabonge mekundu, hata shuka likigusa yanauma. Mdomoni vidonda vitupu.

Na tumbo... Miezi kibao nilikuwa naharisha damu. Hilo sikumwambia mtu. Aibu!

Zahanati walinipa dawa ya jicho. Kwingine wakanichoma sindano ya magoti. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Asubuhi moja mlango ukafunguka. Mama mkwe! Yule ambaye hata salamu yangu alikuwa haitikii.

"Hiyo damu kwenye ndoo ni yako?"

"Ndiyo, mama..."

Akakaa chini, akaanza kulia.

"Binti yangu Aida alianza hivihivi. Macho, magoti, damu. Tukasema amelogwa, tukamfungia humu humu... Akatoka amekufa. Inuka, mwanangu!"

Getini, Danford huyo!

"Mama, unampeleka wapi?"

"Nipishe! Kwa dada yako nilimsikiliza baba yako. Wewe sikusikilizi!"

Mbeya, daktari wa macho akaniangalia weee, halafu:

"Dada, choo chako kikoje?"

Jicho na choo wapi na wapi?

"Anaharisha damu," mama akajibu.

Wakaniingiza kamera ya kuangalia utumbo.

"Ugonjwa wako hauambukizi," daktari akasema. "Utumbo una vidonda, ni ugonjwa sugu. Kinga ya mwili wako inakushambulia wewe mwenyewe. Inaanza tumboni, inafika machoni, kwenye viungo, hadi kwenye ngozi. Ungechelewa, jicho lingepofuka."

Hauponi kabisa, jamani. Dawa zinautuliza tu, na jicho bado lina ukungu. Lakini natembea!

Danford alitufuata Igamba, kwa kaka yake mama tulikohamia, akapiga magoti.

"Mama, nimekuja kumchukua mke wangu."

"Mke gani? Humu ndani yupo binti yangu."

Akafunga mlango.

Wewe unayesoma, ukifika kwa daktari sema yote, na ya chooni pia. Aida hakupata wa kumsemea.